Maswali 60,000 juu ya Samaki: Wabunge wa Uingereza, Wavuvi, na Hesabu ya Bahari



Makala haya yamezaliwa na simu. Mtoto wa ndugu yangu alinipigia kutoka Kipini, pale mdomoni mwa Mto Tana, akanambia wavuvi wa bandari yao wameambiwa huenda wabunge wakaja kuwasikiliza kuhusu meli za kukokota nyavu, zile tunazoziita trola. Kamati yao imemchagua yeye awe msemaji. "Ami," akasema, "wewe umesoma huko Ulaya, na daktari wa historia. Tuandikie. Tuwaambie nini?"

Nikamjibu kama wanavyojibu wasomi: nipe muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na sababu ya haya yangu nitaitaja mwisho. Kwanza nataka kusimulia habari ya bunge moja lililowahi kuuliza swali hilihili, likauliza kwa bidii kuliko bunge lolote kabla yake, halafu likapata jawabu la makosa. Naona kisa hicho kina faida kwa kijana wangu kuliko nasaha zangu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1376, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, wavuvi wa Kiingereza walipeleka malalamiko bungeni dhidi ya chombo kipya cha kuvulia. Ulikuwa wavu wa kukokota, urefu wake pima tatu, na matundu yake madogo hata samaki mchanga hapenyi. Wakasema unang'oa mimea ya chini ya bahari, unaharibu chaza na kome na chakula cha samaki wakubwa, na wenyewe wanapata vidagaa vingi mpaka wanalishia nguruwe. Mfalme akajibu vipi? Iundwe tume ya watu wenye ujuzi ichunguze. Naam, mwaka 1376! Basi anayedhani kwamba "tumeunda tume" ni ugonjwa wa serikali zetu za Afrika peke yake, na ajue kuwa una umri wa zaidi ya miaka 600.

Sasa turuke mpaka karne ya kumi na tisa. Reli zimefika bandarini. Samaki aliyekuwa akiliwa pwani tu sasa anafika Manchester na Birmingham angali mbichi, na tabaka la wafanyakazi wa viwandani linapata kitoweo cha bei nafuu. Mashua za tanga za kukokota nyavu zinaongezeka kila mwaka. Wavuvi wa mishipi wa pwani ya kaskazini mashariki wanalalamika: samaki wanapungua, trola zinakata mishipi yetu, zinaua samaki wachanga, zinasaga mayai chini ya bahari. Malalamiko yakafika bungeni, na mwaka 1863 ikateuliwa Tume ya Kifalme ya watu watatu. Wawili walikuwa wabunge, James Caird na George Shaw-Lefevre. Wa tatu alikuwa mwanasayansi, Thomas Henry Huxley, yule aliyesifika kwa kumtetea Darwin.

Tume ilipewa maswali matatu. Je, samaki wanaoletwa sokoni wanaongezeka, wamebaki palepale, au wanapungua? Je, ipo njia ya uvuvi yenye kupoteza au kudhuru? Je, zipo sheria zinazowabana wavuvi bila ya faida? Tazameni ubora wa maswali hayo, hata leo mtu angeyachukua kama yalivyo akaenda nayo Lamu au Mtwara. Wala wajumbe hawakukaa London wakaletewa maneno. Walizunguka bandari 86 za Uingereza, Uskochi na Ayalandi, wakawaketisha wavuvi na wachuuzi, wakauliza maswali zaidi ya 60,000, na kila swali na kila jawabu likaandikwa na kupigwa chapa.

Mimi nilikutana na kurasa hizo kwa bahati tu. Nilikuwa mwanafunzi, natafuta katika karatasi za bunge habari za Zanzibar na biashara ya utumwa, nikafungua juzuu isiyokuwa yangu. Nikaona wavuvi wanazungumza. Nikasema, kumbe! Watu wasiojua kuandika majina yao, lakini maneno yao yamehifadhiwa kwa serikali kama ya mawaziri. Nilisoma mpaka maktaba ikafungwa. Nilikuwa nasikia sauti za kwetu.

Ripoti ikatoka mwaka 1866. Tume ilisema samaki hawapunguzwi na uvuvi, samaki wanaofika sokoni wameongezeka, na uvuvi wa kukokota haujathibitishwa kuwa na madhara ya kudumu. Sheria zote za kuzuia uvuvi wa bahari kuu zifutwe, kila mtu avue apendapo, kwa namna apendayo. Mwaka 1868 ikapitishwa Sheria ya Uvuvi wa Bahari, na rundo la sheria za zamani likafutwa.

Ilikuwaje maswali mazuri hivyo yakazaa jawabu la namna hii? Mimi naona makosa matatu, na nayaeleza taratibu kwa sababu yote matatu bado yako hai.

La kwanza ni kipimo. Siku zile hapakuwa na hesabu ya taifa ya samaki wanaovuliwa. Kilichokuwapo ni hesabu za biashara, hasa za samaki waliosafirishwa kwa reli, na hizo zilikuwa zinapanda. Lakini samaki kuongezeka sokoni si dalili kwamba wameongezeka baharini. Mashua zikiwa mara mbili, nyavu zikiwa kubwa zaidi, na nahodha akienda mbali zaidi ya alikokwenda babake, soko litajaa hata kama bahari inakauka. La kuulizwa si "samaki wangapi wamefika?" bali "wamefika wangapi kwa kila mashua, kwa kila siku ya kazi?" Mvuvi wa mshipi alikuwa akijibu swali hili la pili. Tume ilikuwa ikisikiliza jawabu la lile la kwanza.

La pili ni nani anabeba mzigo wa ushahidi. Tume ilisema mvuvi hakuthibitisha madhara, kwa hiyo madhara hayapo. Lakini angethibitisha kwa nini? Hesabu hana, na serikali yenyewe haina. Ukosefu wa ushahidi ukahesabiwa kuwa ushahidi wa usalama. Wanasheria mliomo humu mtanisahihisha, lakini mimi naona huko ni kumwambia mtu aliyeibiwa usiku gizani kwamba kwa kuwa hukumwona mwizi basi hukuibiwa.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Wavuvi walikosea sababu. Walisema trola inasaga mayai ya samaki chini ya bahari. Katika miaka ya 1864 na 1865 mtaalamu wa Norwei, G. O. Sars, aligundua kule Lofoten kwamba mayai ya chewa wa baridi hayako chini kabisa. Yanaelea juu ya maji. (Nasema chewa kwa kufuata kamusi, ingawa chewa wetu wa miambani ni samaki mwengine.) Baadaye ikaonekana kuwa samaki wengi wa chakula wa bahari zile mayai yao huelea, isipokuwa heringi na wachache wengine. Ugunduzi huo ukawavunjia wavuvi heshima mbele ya wataalamu: tazama, wanalalamikia mayai yasiyokuwapo! Lakini kukosea sababu si kukosea tukio. Mgonjwa akikwambia "nimerogwa, tumbo linaniuma", unaweza kuukataa uchawi, lakini tumbo linamuuma kweli. Wavuvi walisema samaki wanapungua kwa sababu ya mayai. Mayai hayakuwa sababu, lakini samaki walikuwa wakipungua.

Nimtendee haki Huxley. Hakuwa mjinga wala hakuhongwa. Alikuwa na huruma ya kweli kwa maskini wa mijini waliohitaji chakula rahisi, na alijua kuwa mvuvi wa mshipi anapomlaumu wa trola huenda anamlaumu mshindani wake wa biashara. Hoja yake pia ilikuwa na mantiki: samaki wa baharini ni wengi mno, na wanaoliwa na samaki wenzao ni wengi kuliko wanaovuliwa na binadamu. Mwaka 1883, katika maonyesho makubwa ya uvuvi ya kimataifa mjini London, alitamka kwamba uvuvi wa chewa, heringi, vibua na pengine uvuvi wote mkubwa wa baharini hauwezi kumalizwa. Watu husahau kwamba aliweka sharti: kwa njia za uvuvi za wakati ule. Lakini wakati ule wenyewe ulikuwa ukipita. Mapema katika miaka hiyohiyo ya 1880 trola za mvuke zilianza kushuka majini kule Grimsby, na mvuke haungoji upepo. Na msomi mwenzake, Ray Lankester, alimpinga katika maonyesho hayohayo. Kwa hivyo tusiseme "sayansi ilikosea". Wanasayansi walitofautiana, na bunge likachukua kauli iliyokuwa nyepesi kutekelezwa, yaani ile ya kutofanya kitu.

Basi malalamiko yakarudi, maana njaa haisomi ripoti. Mwaka 1883 hiyohiyo ikateuliwa tume nyingine chini ya Lodi Dalhousie, mahsusi kwa uvuvi wa kukokota. Safari hii pakafanyika jambo jipya. Profesa McIntosh wa Chuo cha St Andrews akatolewa chumbani akapelekwa baharini, akapanda trola, akaangalia nini kinaingia wavuni na nini kinatupwa. Ripoti ya 1885 haikuwapa wavuvi wa mishipi yote waliyotaka, lakini ilikubali kitu kikubwa: bila takwimu hatujui tunasema nini. Wakapendekeza hesabu za samaki ziandikwe bandarini, na kule Uskochi bodi ya uvuvi ikapewa uwezo wa kufunga baadhi ya maeneo kwa trola. Takwimu zikaanza kukusanywa.

Na takwimu zikasema nini? Mwaka 1893 Kamati Teule ya bunge la chini, lile ambalo redio zetu zilizoea kuliita la Makabwela, ikakiri kwamba samaki wa ubapa wenye thamani, jamaa za gayogayo wetu, wamepungua katika Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1900 mtaalamu Walter Garstang akapiga hesabu ambayo wavuvi walikuwa wakiipiga kichwani siku zote. Hakuuliza samaki wangapi wamefika sokoni. Aliibadili kila meli ya mvuke kuwa sawa na mashua kadhaa za tanga, kisha akagawa. Akaona kwamba katika muda wa miaka kama kumi tu, mavuno kwa kila kipimo cha nguvu ya uvuvi yameshuka karibu nusu. Soko bado limejaa, huku bahari imeshapungua nusu.

Mngetaraji sasa sheria ipite mbio. Mwaka huohuo wa 1900 muswada wa kuzuia uuzaji wa samaki wadogo uliletwa bungeni, ukachunguzwa na kamati, ukafia hapo. Sheria ya kitaifa yenye meno juu ya matundu ya nyavu na urefu wa samaki ilipatikana mwaka 1933. Hesabuni wenyewe: tangu tume ya kwanza ni miaka 70. Mvuvi aliyetoa ushahidi mwaka 1863 akiwa na miaka 30 hakuiona.

Kati ya hapo Mungu akawaletea mtihani ambao hakuna mwanasayansi angeruhusiwa kuufanya. Vita vya 1914 mpaka 1918 viliifunga sehemu kubwa ya Bahari ya Kaskazini, maana trola zikichukuliwa kutegua mabomu na maji yenyewe yana hatari. Vita vilipokwisha meli zikarudi, zikakuta samaki wengi na wakubwa kwa kila siku ya kazi. Baada ya miaka michache mavuno yakashuka tena. Hapo hapakuwa tena na pa kujificha.

Mwisho wa sehemu hii ya kisa ulikuja mwaka 2010. Watafiti wa York na wenzao walichukua takwimu za serikali ya Uingereza tangu 1889, yaani miaka 118 ya hesabu za bandarini, wakagawa kama alivyogawa Garstang. Wakakuta kwamba mavuno ya trola kwa nguvu ileile ya uvuvi yameshuka kwa asilimia 94. Aliyekuwa akipata samaki 17 sasa anapata mmoja. Na hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu moja tu, kwamba watu walilalamika mpaka bunge likaamuru samaki wahesabiwe. Wavuvi wa mishipi walishindwa kesi yao, lakini ushahidi waliousababisha ukawatetea miaka zaidi ya 100 baadaye. Mimi nikiisoma hadithi hii sijui nicheke au nilie.

Msidhani wamekwisha kujifunza. Sheria ya Uvuvi ya Uingereza ya mwaka 2020 imeandika malengo mazuri, pamoja na uendelevu na tahadhari. Ilipokuwa muswada, Baraza la Malodi lilitia kifungu cha kuufanya uendelevu wa mazingira kuwa lengo la kwanza juu ya mengine. Kilipofika bunge la chini kifungu kikaondolewa, kwa hoja kwamba malengo lazima yawe na mizani baina yao. Neno "mizani" ni zuri, na mimi silikatai. Lakini aliyesoma ripoti ya 1866 hulisikia kwa sikio jengine.

Na Kanada walikuwa na takwimu, vyombo, na wataalamu wa hali ya juu. Katika miaka ya 1980 wavuvi wa pwani ya Newfoundland walisema chewa wanaofika ufukweni wanapungua na ni wadogo. Makadirio rasmi yaliegemea sana mavuno ya trola kubwa, na trola kubwa huendelea kujaza hata samaki wakiwa wachache, maana samaki hujikusanya pamoja na chombo cha kisasa huwaona walipo. Tarehe 2 Julai 1992 Waziri John Crosbie akatangaza kufungwa kwa uvuvi wa chewa wa kaskazini. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Ilisemwa kuwa ni kwa miaka miwili. Uvuvi ule wa biashara ulifunguliwa rasmi tena mwaka 2024. Kwa hivyo kuwa na hesabu peke yake hakutoshi, lazima mtu aulize hesabu imetoka katika wavu wa nani.

Sasa turudi kwetu.

Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za zamani huiita Formosa, inapata maji na matope ya Mto Tana na Mto Sabaki, na ndiyo maana ina kamba wengi. Trola za kamba zimekuwa zikikokota hapo tangu miaka ya 1970. Sheria kwa miaka mingi ilizikataza kukaribia ndani ya maili 5 za baharini, lakini kamba hawajui sheria, wanakaa karibu na matope, na meli huwafuata walipo. Pamoja na kamba huingia samaki wachanga wa kila jinsi, na wengi hurudishwa baharini wamekufa. Mwaka 2006 uvuvi huo ulisimamishwa baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo. Mwaka 2011 ukaruhusiwa tena chini ya mpango mpya wa usimamizi.

Marehemu baba mkubwa alikuwa mvuvi wa jarife Kipini. Usiku mmoja meli ilipita na jarife lake lote, wavu wa deni ambao alikuwa hajaumaliza kulipa kwa tajiri. Asubuhi alirudi na maboya mawili tu. Nilipokwenda likizo, nimeshapata shahada yangu ya kwanza na kichwa kimenivimba, alinieleza kuwa samaki wanakwisha kwa sababu trola zinaua mayai chini ya matope. Nikamsahihisha. Nikamwambia mayai ya samaki wengi yanaelea, baba mkubwa, hayo mambo yamekwisha kuchunguzwa. Nilisema mbele ya watu barazani. Yeye akacheka kidogo, akasema "haya mwanangu, wewe umesoma", akanyamaza. Hakuwahi kuzungumza nami habari za bahari tena mpaka alipofariki.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba niliyoitaja, nilijikuta nimekaa upande wa meza wa tume, na yeye yuko upande wa pili anajibu swali. Hayo ndiyo haya niliyoyasema mwanzo. Nilikuwa sahihi juu ya mayai, na nikaukosa ukweli uliokuwa mbele yangu umevaa msuli.

Basi nimemwandikia kijana wangu hivi, nanyi nisaidieni kama nimekosea.

Kwanza, wabunge wakija, msibishane juu ya sababu. Semeni mlichokiona: mahali gani, msimu gani, samaki gani, walikuwa wangapi kwa mashua moja na sasa ni wangapi. Sababu waachieni watakaoletwa kuchunguza. Mkikosea sababu, watalitupa na tukio lenyewe.

Pili, waulizeni wao. Makadirio mnayoyategemea yametoka wapi, katika mashua zetu au katika daftari la meli? Nani alipanda meli kuhesabu kinachotupwa? Mkisema mavuno yameongezeka, yameongezeka kwa vyombo vingapi? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake, na kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kutumia rasilimali za asili iridhiwe na Bunge. Hizo si fadhila za mtu. Ndugu zetu wa Tanzania nao walitunga sheria mwaka 2017 inayolipa Bunge uwezo wa kupitia mikataba ya namna hiyo. Na wanakumbuka vizuri meli ya Tawariq iliyokamatwa Machi 2009, wale "samaki wa Magufuli". Nchi nzima ilishangilia, kisha mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hukumu. Kukamata meli moja kwa kishindo ni rahisi kuliko kuuliza maswali makavu kila mwaka, na hayo maswali makavu ndiyo kazi ya bunge.

Tatu, na hili ndilo kubwa: anzeni kuandika leo. Daftari la mwanafunzi la kurasa 96 linatosha. Tarehe, chombo, watu wangapi, saa ngapi baharini, kilo ngapi, aina gani. Kwetu hesabu pekee iliyokuwapo siku zote ni daftari la tajiri, na hilo linaandika deni, haliandiki bahari. Mkiwa na miaka mitatu ya daftari lenu, hakuna profesa wa kuja kuwacheka barazani.

Najua wengine mtasema naota. Daftari la kurasa 96 mbele ya meli ya chuma? Pengine. Wale wa 1863 hawakuwa hata na hilo daftari, na hoja yao ilidharauliwa miaka na miaka. Lakini maneno yao yaliandikwa, na kilichoandikwa kikaja kusomwa. Baba mkubwa alizungumza, na aliyekuwa na kalamu siku ile alikuwa mimi, na sikuandika kitu.

Kijana amenijibu jana. Anasema daftari wamelinunua, na ukurasa wa kwanza umejazwa na mke wake kwa sababu mwandiko wake yeye ni mbaya. Siku ile mashua nne, watu kumi na saba, kilo 41. Akauliza: "Ami, hizi ni nyingi au chache?"

Sijui nimjibu nini, maana hakuna aliyeandika siku za baba mkubwa.

Wasalaam, na mwenye kunikosoa anikosoe.